Baridi ya Iringa na riziki ya fundi wa viyoyozi: uchambuzi wa safari moja ya kutafuta mji wa kuhamia

Katikati ya mwaka jana mdogo wangu na mumewe walikuja nyumbani kwangu Tabata wakiwa na daftari lenye kurasa nne za hesabu, wakaniomba niwasaidie kupanga safari. Walikuwa wakiishi Kivule, wilayani Ilala, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili na sebule, pamoja na watoto wao wawili, mmoja wa darasa la nne na mwingine wa chekechea. Mkataba wao wa nyumba ulikuwa unakwisha tarehe 31 Desemba, na mwenye nyumba alikwisha kuwaeleza kwamba safari hii atataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo badala ya ile ya miezi sita waliyoizoea. Taarifa hiyo iliibua swali lililokuwa limekaa mioyoni mwao kwa muda mrefu. Kwa nini waendelee kubanana Dar es Salaam, ilhali shemeji yangu hupoteza muda wa karibu saa nne kila siku barabarani kati ya Kivule na Masaki waliko wateja wake, na mdogo wangu hufunga fremu yake ya ushonaji kila mvua za masika zinapoharibu njia?

Wameniruhusu nikiandike kisa chao, nami nakiandika kwa kirefu kwa sababu nimeona jamaa wengi wakihama mji kwa kuongozwa na hamu peke yake, kisha wakarudi baada ya mwaka mmoja wakiwa wameuza vitu vya ndani. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo sehemu kubwa ya nitakayoyaeleza ni hesabu, lakini jambo lililobadilisha mpango mzima halikuwa hesabu ya mafuta wala ya malazi.

Mpango wao wa awali ulikuwa wa siku tisa. Wangeondoka wote wanne kwa gari lao, Toyota Probox ambayo shemeji huitumia kubebea vifaa vya kazi, wapite Morogoro, Dodoma, Iringa na Njombe, wafike Mbeya, kisha warudi. Safari hiyo, ukijumlisha mizunguko ya ndani ya miji, inafika kilomita 2,200. Tulichukua makadirio ya kilomita 14 kwa lita na shilingi 3,000 kwa lita moja ya petroli, tukapata lita 157 na gharama ya shilingi 471,000. Vyumba viwili vya gesti kwa usiku nane, kila kimoja shilingi 35,000, vilileta shilingi 560,000. Chakula cha watu wanne kwa siku tisa, kwa shilingi 15,000 kila mtu, kilifika shilingi 540,000, na wao wenyewe walikuwa wametenga shilingi 150,000 za dharura. Jumla ilikuwa shilingi 1,721,000, nao akibani walikuwa na shilingi 900,000 tu walizokubaliana kuzitumia bila kugusa fedha za kodi ya nyumba mpya.

Njia rahisi ingekuwa kupunguza siku na kulala kwenye gesti duni zaidi, lakini nilipoutazama mpango ule niliona kwamba hata kama wangekuwa na fedha zote, wasingepata walichokifuata. Miji mitano kwa siku tisa ina maana ya kufika mji jioni, kula, kulala, kuzunguka asubuhi na kuondoka mchana. Mtu wa namna hiyo huuona mji kama mgeni wa harusi anavyoiona nyumba ya wenyewe: imefagiliwa, imepambwa, na hakuna anayemwambia kwamba mfereji haujatoa maji tangu juzi. Nikawauliza kila mji wameuchagua kwa sababu gani. Mdogo wangu alitaka Iringa na Njombe kwa ajili ya hali ya hewa, kwa kuwa joto la Dar es Salaam linamchosha na mtoto mdogo hutokwa na vipele kila kiangazi. Shemeji alitaka Dodoma kwa sababu ya kazi za serikali. Mbeya waliiongeza kwa kuwa walisikia vyakula ni rahisi, na Morogoro ilikuwamo kwa sababu tu iko njiani.

Ndipo nikamwomba shemeji daftari lake la kazi. Yeye ni fundi wa majokofu na viyoyozi, na kwa bahati njema huandika kila kazi, jina la mtaa na malipo. Tulijumlisha miezi kumi na miwili tukagundua kwamba karibu theluthi mbili za mapato yake zilitokana na viyoyozi, na kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo aliipata kati ya Novemba na Machi, jua la Dar es Salaam linapokuwa kali kuliko wakati wote. Theluthi iliyobaki ilitokana na majokofu ya nyumbani, ya bucha na ya maduka ya vinywaji. Nikamuuliza, «Shemeji, Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni watu hulala na blanketi zito. Nani atakuita kumfungia kiyoyozi?» Alikaa kimya, akaligeuza daftari, kisha akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba joto wanalolikimbia ndilo linalowalisha.

Hapo ndipo safari ilipobadilika. Sikuwaambia waifute Iringa, kwa sababu mdogo wangu ni fundi cherehani wa sare za shule, na mji wa baridi wenye shule nyingi unahitaji masweta, ambayo Kivule hayana soko. Niliona pia kwamba bucha, baa na maduka ya dawa yana majokofu popote pale. Lakini swali lilikuwa limekwisha kugeuka: walipaswa kutafuta mji ambao ufundi wa wote wawili unaweza kulipa kodi, na hali ya hewa ipimwe baada ya hapo. Kwa kipimo hicho Njombe na Mbeya ziliondoka zenyewe, kwa kuwa ni za baridi kama Iringa na ziko mbali zaidi na maduka ya vipuri ya Kariakoo. Ilibaki miji mitatu inayounda pembetatu: Morogoro, Dodoma na Iringa.

Jambo la pili lililotuchukulia muda lilikuwa majira. Wao walitaka kwenda wakati wa likizo ya shule ili watoto wafurahi. Nilipinga, na bado naamini nilikuwa sahihi. Likizo ya Juni huangukia katika kipindi cha Bunge la bajeti, ambalo hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo vyumba vya kulala wageni hujaa na bei zake hupanda. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonesho ya Nanenane, ambayo huvuta watu wengi Dodoma na Morogoro, hali ikawa ileile. Mtu anayepima gharama za mji katika siku za namna hiyo hupata picha isiyo ya kila siku. Tena shule iliyofungwa haikuonyeshi kitu. Unahitaji kusimama getini saa moja asubuhi uone watoto wanatoka wapi, wanavuka barabara gani, na darasa moja lina watoto wangapi.

Tukachagua katikati ya Septemba. Kwa wakati huo Dodoma, ambayo ina msimu mmoja wa mvua kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, huwa imekaa miezi mingi bila tone la mvua, kwa hiyo shida ya maji, kama ipo, haijifichi. Mji upimwe katika hali yake ngumu. Ukiupenda wakati huo, msimu mzuri utakuwa nyongeza. Watoto walibaki kwangu, na uamuzi huo peke yake uliondoa chumba kimoja na sahani mbili katika bajeti.

Tuliwahi pia kujiuliza kama gari lilikuwa la lazima. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Watu wawili kwenda Dodoma ni shilingi 62,000, wakati gari lingekunywa petroli ya karibu shilingi 96,000 kwa kilomita zile 450. Kama safari ingekuwa ya Dodoma peke yake ningewashauri wapande treni. Iringa haina reli, na nyumba ambazo familia ya kipato chao inaweza kuzipanga ziko pembezoni mwa miji, ambako kila mzunguko kwa bajaji unadai fedha yake. Jambo la tatu, ambalo kwangu lilikuwa na uzito kuliko yote, ni kwamba gari lingembebea shemeji geji, mtungi wa gesi ya majokofu na vifaa vya kuchomelea mabomba. Fundi akiwa na vifaa vyake anaweza kuulizia kazi, na hakuna utafiti wa soko unaolizidi swali la fundi aliye tayari kuanza kazi saa hiyohiyo.

Bajeti mpya ilikuwa ya siku kumi: usiku mbili Morogoro, nne Dodoma na tatu Iringa. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 195, Morogoro hadi Dodoma 260, Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ni kama 260 nyingine za lami, na Iringa hadi Dar es Salaam ni takribani 500. Ukiongeza mizunguko ya mijini zinafika 1,400, yaani lita 100 na shilingi 300,000. Malazi ya Morogoro yalitengewa shilingi 60,000, ya Iringa 90,000, na ya Dodoma 70,000 kwa usiku mbili tu, kwa sababu usiku mbili nyingine wangelala kwa shangazi yetu, wakimpelekea mchele na sukari vya shilingi 30,000. Chakula kilipangiwa shilingi 200,000, madalali 30,000, matengenezo ya gari kabla ya safari 70,000, na dharura 50,000. Jumla ni shilingi 900,000 kamili, bila ziada hata ya soda.

Kuhusu madalali niliwaonya mapema. Dalali hudai fedha ya kuonyesha nyumba, na mteja akipanga hudai kodi ya mwezi mmoja juu yake. Tukakubaliana kwamba katika kila mji watamlipa dalali mmoja, mara moja, baada ya kuzunguka wenyewe siku ya kwanza na kuchagua mitaa miwili. Kuhusu barabara niliwaambia jambo moja tu: faini moja ya trafiki ni shilingi 30,000, ambayo ni lita 10 za petroli, kwa hiyo wakiona kibao cha 50 waende 50, hata kama lori la nyuma linawapigia honi.

Waliondoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri ili wapite Kibaha kabla malori hayajajaa, na saa tatu asubuhi walikuwa Msamvu. Morogoro, waliyoiweka kwa sababu iko njiani, iliwashangaza. Jumatatu shemeji alizunguka maduka ya vifaa vya umeme akauliza maswali matatu aliyoyaandika kabla: ni gesi ipi ya majokofu inayouzwa zaidi, kompresa wanazo au huagiza, na fundi wao wa viyoyozi hupatikana baada ya siku ngapi. Majibu yalimwonyesha kwamba kazi ipo na vipuri hufika siku hiyohiyo kwa basi kutoka Kariakoo. Hata hivyo ukaribu huo una upande wa pili, kwani wateja wakubwa wa Morogoro huita mafundi kutoka Dar es Salaam vilevile. Mdogo wangu alizunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu akaandika bei ya unga, mchele, maharage, mafuta ya kula na mkaa, orodha ileile ambayo angeinunua kila mahali, kisha akaenda Kihonda kutazama nyumba. Alipenda Milima ya Uluguru kuliko alivyotarajia, ila joto alilikuta palepale alipoliacha.

Dodoma ndipo kisa kilipokuwa na uzito. Mji huo ulichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa watu wa ufundi mabadiliko yaliyoonekana mitaani ni yale yaliyofuata tangazo la mwaka 2016 la serikali kuhamia huko, Dodoma kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na ofisi za wizara kujengwa Mtumba. Shemeji alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Asubuhi ya Jumatano alitembea kwa miguu barabara moja ya Area C na nyingine ya Kisasa akihesabu mashine za nje za viyoyozi zilizofungwa ukutani, na jioni akafanya hivyo Nzuguni na Mkonze. Hakuhitaji takwimu za mtu mwingine. Alhamisi gesti waliyolala ilikuwa na jokofu lililokufa, akalitengeneza, na mwenye gesti akampeleka kwa jirani yake mwenye duka la vinywaji. Kazi mbili zilimpa shilingi 95,000 pamoja na namba za simu ambazo, kama tulivyoona baadaye, zilikuwa na thamani kuliko fedha hizo.

Lakini usiku mbili za mwisho kwa shangazi, katika mtaa wa pembezoni, ndizo zilizowafundisha upande wa nyumbani. Walipofika Alhamisi jioni, baada ya gesti, walikuta ndoo kumi na mbili zimepangwa ukumbini. Shangazi aliwaeleza kwamba maji ya bomba mtaani kwake yana siku zake, na siku yenyewe ikifika hutoka usiku wa manane. Maji ya jiji kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka kwa haraka kuliko mabomba. Maji yalitoka saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, na mdogo wangu aliamka na shangazi yake wakajaza ndoo hadi saa kumi. Katika mpango wa kwanza wangekuwa wamekwisha kuondoka. Gesti ilikuwa na tangi juu ya paa, kwa hiyo kama wangelala huko siku zote nne wangerudi wakisema maji ya Dodoma hayana shida. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba katika safari ya namna hii, angalau usiku mmoja ulalwe katika nyumba ya mkazi wa kawaida. Mwenye nyumba atoe shauri lake, nanyi mchote maji, mpike na mfagie kama watu wa nyumbani.

Njiani kwenda Iringa, kabla ya kufika Mtera, tairi moja la nyuma lilipasuka. Walibadilisha kwa la akiba, na walipofika wakanunua lililotumika kwa shilingi 65,000, hivyo fungu la dharura likazidiwa kwa shilingi 15,000.

Iringa mdogo wangu aliipenda tangu gari lilipoanza kupanda kutoka Ipogolo kuelekea mjini. Alinipigia simu jioni ile akiwa amevaa sweta, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika. Hesabu za shemeji, hata hivyo, zilisema lile tuliloliogopa: kuanzia sokoni hadi Kihesa alihesabu viyoyozi vichache sana, vingi vikiwa vya benki, na duka la vipuri alilolikuta lilikuwa na kompresa za majokofu madogo tu. Upande wa mkewe mambo yalikuwa kinyume. Maduka matatu ya sare za shule yalimwambia kwamba masweta huwaishia Mei, na mwenye duka mmoja alichukua namba yake ya simu na kumwagiza mfano wa rangi mbili. Mji huohuo ulikuwa unamkataa mume na kumkaribisha mke, nao walikaa hadi usiku wakilizungumza jambo hilo bila kulipatia jibu. Sioni aibu kusema kwamba nilipoelezwa niliumia, kwa maana najua mdogo wangu alivyoitamani baridi ile.

Kurudi walishuka Kitonga kwa gia ndogo, wakapita Hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa vibao, na saa mbili usiku walikuwa Tabata wakiwachukua watoto. Petroli ilifika shilingi 312,000, kwa sababu nje ya Dar es Salaam bei kwa lita huwa juu kidogo na Dodoma walizunguka zaidi ya makadirio. Dalali wa pili wa Dodoma aliongeza shilingi 10,000, na chakula kiliishia 178,000 kwa kuwa walibeba chai na kula kwa mama ntilie. Jumla ilikuwa shilingi 915,000, na ukitoa malipo ya kazi mbili za shemeji walibaki wametumia 820,000.

Hawakuhama mara moja. Mwezi Oktoba shemeji alipanga chumba kimoja Mkonze kwa miezi mitatu, akawa anakwenda kwa treni na kurudi Kivule kila baada ya wiki mbili, huku akiandika kazi zake katika daftari lilelile. Ilipofika katikati ya Desemba mapato yake ya Dodoma yalikuwa yamefikia karibu robo tatu ya yale ya Dar es Salaam kwa kipindi kama hicho, na hakuwa akitumia fedha nyingi barabarani. Mwalimu mkuu alishughulikia uhamisho wa mtoto mkubwa kwa namba yake ya PREM, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, na mapema Januari walipakia vitu kwenye Fuso lililoleta mahindi kutoka Kibaigwa, mkoani Dodoma, na lilikuwa linarudi tupu, kwa bei ambayo dereva aliikubali kwa kuwa vinginevyo angerudi bila mzigo wowote. Masweta ya mfano yalikwisha kutumwa Iringa kwa basi wiki moja kabla, na oda ya kwanza ya Mei imekwisha kulipiwa nusu. Kitu kilichopakiwa mwisho ili kishushwe kwanza kilikuwa tangi la maji la lita 1,000, ambalo mdogo wangu alilinunua kabla hata ya kununua kufuli la nyumba mpya.